Chai ya Soma Kwanza

Jina alilopewa na wazazi wake limebandikwa kwenye mlango wa kioo wa chumba chake, na hakuna anayelitumia. Sisi tulimwita Soma Kwanza. Si mbele yake, jamani, nani ana ubavu huo? Lakini akitokeza tu na suruali yake iliyopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, utasikia mtu anakohoa kidogo, "Soma Kwanza huyo," na kila mmoja wetu anainamia skrini yake kama mwenye kazi ya maana.

Ofisi yetu inatengeneza programu za kompyuta, na yeye ndiye mkuu wetu sisi tunaoziandika. Jina lilitokana na sheria yake. Ukienda kwa mwenzako na swali ambalo jibu lake limeshaandikwa kwenye marejeo, yale maelezo rasmi ya lugha ya programu, adhabu yako ni kuwapikia chai watu wote. Unachemsha, unapanga vikombe kwenye sinia, unapita dawati hadi dawati, na kila unayemmiminia ana ruhusa ya kukuambia, "Asante, msomaji." Yaani mtu mzima, una familia, una cheti chako ukutani, unaambiwa "asante, msomaji" na binti aliyeajiriwa juzi, tena anacheka na meno yote nje. Msiniulize mimi nimepika mara ngapi. Nimepika mpaka nikajua birika lile linavuja upande gani.

Yeye hajawahi kupika, kwa sababu hajawahi kuuliza.

Na wala si maringo matupu, tumpe haki yake. Ujanani alikuwa mpiga fotokopi katika duka la vifaa vya ofisi. Wateja walileta vitabu vya kompyuta vya kutolewa nakala, na mashine ilikuwa kuukuu, kila mara inatafuna karatasi au inatoa ukurasa umepinda nusu. Kurasa hizo mbovu wenzake walizitupa, yeye akazibeba kwenda nazo nyumbani. Alijifunza lugha yake ya kwanza ya programu kwa makaratasi hayo, sura ya tatu haina mwisho na ya tano haina mwanzo. Kompyuta hakuwa nayo. Ya dukani aliambiwa ni ya wateja, asiiguse. Siku moja alimwomba mteja, kijana mwenzake kabisa, amweleze mstari mmoja tu ambao haukumwingia, na yule kijana akamtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili akamwambia, "Wewe toa kopi." Haya alinisimulia mwenyewe siku tuliyokwama pamoja kwenye lifti, na alipofika hapo akaanza kusoma maandishi ya dharura yaliyobandikwa juu ya vitufe.

Tangu siku ya mteja yule hajamuuliza mtu jambo. Mkewe alituchekesha sana kwenye sherehe moja ya ofisi. Walinunua kitanda cha mtoto, kile cha kuunganisha wenyewe, kimekuja vipande vipande ndani ya boksi. Baba mtu akakaa na maelekezo yake, anasoma, anapiga mistari kwa kalamu, mtoto analala sakafuni juu ya godoro. Mwishoni jirani alikuja kuazima nyundo, akakiunga kile kitanda kwa kukitazama tu. "Na huyu bwana," mkewe akasema huku akimshika bega, "alikuwa amesimama pembeni na karatasi, anamwambia jirani umeruka hatua." Sote tulicheka. Soma Kwanza naye alitabasamu, kisha akasema kwamba kweli jirani aliruka hatua, na kitanda kinalia mpaka leo.

Basi ndiye mtu huyo tuliyekuwa naye lugha mpya ilipotushukia.

Ilitushukia kutoka juu, kwa mkurugenzi, bwana ambaye hata kufungua picha kwenye barua pepe anaitiwa mtu. Hospitali moja ilitaka tuuandike upya mfumo wake wa kuwakumbusha wagonjwa wa figo siku zao za kusafishwa damu. Walikuwa wamenunua mitambo mipya, na mitambo hiyo ilitaka lugha mpya ya programu ambayo kwetu hakuna aliyewahi kuigusa. Mkurugenzi akasema ni rahisi, si mna marejeo? Mfumo wa zamani ungezimwa Ijumaa jioni, na kuanzia hapo ujumbe wote utoke kwetu.

Hapo ndipo jambo hili liliponiingia mimi mwilini. Mama yangu, ninayeishi naye, ni mmoja wa wagonjwa hao. Zamu zake ni Jumatatu na Alhamisi. Aliwahi kukosa zamu moja, moja tu, gari lilituharibikia njiani, na kabla hatujapatiwa nafasi nyingine nilimwona mama yangu anahema kama mtu anayezama, miguu imevimba mpaka viatu haviingii. Sitaki kuiona tena hali ile. Kwa hiyo wenzangu walipokuwa wanaandika programu ya mteja, mimi nilikuwa naandika programu ya mama.

Tukayafungua marejeo. Loo! Mtu asikudanganye kwamba kusoma marejeo ya lugha mpya ni kusoma. Hakuna kitabu cha kushika, yote yako mtandaoni, na juu kuna kisanduku cha kutafutia. Ili upate kitu lazima ukijue kinaitwaje, na kama ningejua kinaitwaje ningekuwa nahangaika nini? Nikaandika "tarehe." Ikaniletea orodha ndefu kuliko foleni ya kliniki. Nikafungua amri ya kwanza, ikanieleza kwamba inafanya kazi sawasawa na amri nyingine, isipokuwa pale ambapo haifanyi. Tazama pia. Nikaenda kutazama pia, nikakuta: kwa maelezo kamili, rejea ukurasa uliotangulia. Na mifano nayo! Mmoja unajumlisha mbili na tatu, unaofuata unaongoza ndege uwanjani, katikati hamna kitu. Kulikuwa na sehemu moja, nakumbuka mpaka rangi yake, iliyosema tu, "Matumizi yake ni dhahiri." Dhahiri kwa nani, nyie?

Na kuuliza hakuna, kwa sababu majibu yote yameandikwa. Yameandikwa mahali fulani humo ndani, ni wewe tu hujafika. Basi ofisi nzima ikakaa tuli. Kila mtu amefungua madirisha ya marejeo mpaka majina yake hayasomeki tena juu ya skrini, kila mtu anatikisa kichwa polepole kama anayeelewa. Mkurugenzi akichungulia mlangoni na kuuliza, "Tuko pamoja?" tunaitikia kwa sauti moja, "Tuko pamoja, bosi!" Tulikuwa tunakufa na tai shingoni. Na chai nayo ikapotea, maana hakuna aliyeuliza, hakuna aliyeadhibiwa, na ilikuwa haijapata kutujia kwamba mtu anaweza kupika chai bila kosa. Kitu nilichokuja kugundua baadaye ni kwamba kila mmoja alikuwa amekwama, na kila mmoja alijiona ndiye peke yake mwenye kichwa kigumu.

Ijumaa asubuhi kipande changu kilikuwa tayari, nami nikakijaribu kwa kutuma ujumbe kwenye simu ya mama. Sikukaa sana, simu yangu ikaita.

"Mwanangu," mama akasema, "kumbe wamenihamishia Jumanne?"

"Nani kasema Jumanne?"

"Simu imesema. Kitengo cha figo, Jumanne asubuhi. Mbona jana hawakuniambia, na nilikuwa palepale?"

"Mama, hayo ni majaribio tu. Ni mimi nimetuma."

"Ah, ni wewe?" Nikasikia sauti yake inatulia. "Basi Jumanne nitakwenda. Ningeogopa kama angekuwa mtu mwingine."

Angekwenda kweli! Angekaa nyumbani Jumatatu nzima akivimba taratibu, anasubiri Jumanne yake kwa raha zake, kwa kuwa imeandikwa na mtoto wake. Na wangapi wengine, ambao hawana hata mtoto wa kumpigia?

Nikaurudia ukurasa wa tarehe neno kwa neno. Kwa hesabu ya mama, Jumatatu ni siku ya tatu, jina lenyewe linasema. Kwa hesabu ya ukurasa, juma linaanza Jumapili, kwa hiyo Jumatatu ni ya pili, nami nilikuwa nimeweka mbili kama nilivyoamriwa. Mashine inakubali, halafu inatuma Jumanne. Nikapunguza moja kwa hasira. Jumatatu ikakaa sawa, lakini wagonjwa wa Jumapili wakatupwa kwenye siku ya sifuri, ambayo haipo kabisa. Nikairudisha. Nikainuka.

"Bosi," nikamwambia Soma Kwanza, nimesimama katikati ya mlango wake wa kioo, "ukurasa wa tarehe unadanganya."

Hakuinua macho. "Umeusoma?"

"Nimeusoma."

"Usome tena, dada. Ukurasa haudanganyi. Anayedanganya ni haraka."

"Mama yangu katumiwa Jumanne, bosi! Zamu yake ni Jumatatu!"

Hapo aliinua macho. Nilitegemea aseme chai, na naapa angelitamka neno hilo ningemmwagia hilo birika. Hakusema. Alinyoosha mkono tu akaniomba nimtumie kazi yangu, akafunga mlango.

Tulimwona kupitia kioo. Anasoma, anajaribu, anajiegemeza kwenye kiti, anasoma. Alivua koti. Baadaye alilegeza tai, jambo ambalo kwetu ni sawa na mwingine kuvua shati. Chakula cha mchana kilipita hajatoka. Nilikuwa nimekasirika na bado nilimhurumia, maana nilijua anachokitafuta hakimo humo, na nilijua yeye ni mtu ambaye angeendelea kutafuta humohumo mpaka mfumo wa zamani uzimwe mbele ya macho yake. Mkurugenzi akachungulia. "Tuko tayari?" Tukaitikia kwamba tuko tayari. Ebo! Hata mimi niliitikia, mdomo wangu ulishazoea.

Kisha mlango wa kioo ukafunguka. Soma Kwanza akatoka bila kumtazama mtu, akapita katikati ya madawati, akaingia jikoni.

Tukatazamana. Tukasikia bomba la maji. Tukasikia kabati linafunguliwa, linafungwa, lingine linafunguliwa. Kijiko kikaanguka. Binti mgeni wa ofisi alifungua mdomo nikamfinya. Baada ya muda akatoka na sinia mkononi, amelibeba kama bomu, vikombe vinagongana, na jasho limemtoka puani. Akapita dawati hadi dawati. Anampa mtu kikombe na kuhamia kwa mwingine. Hakuna aliyethubutu kusema asante, msomaji. Alipomaliza akasimama katikati ya chumba na sinia tupu kifuani.

"Nina swali," akasema.

Nisiwadanganye, machozi yalinilenga. Mtu yule, na kandambili zake za zamani, na "wewe toa kopi" yake! Nikainua kikombe haraka nijifiche usoni, nikapiga funda.

Chumvi. Na hapa mimi sitii chumvi yoyote, aliyeitia ni yeye, na aliitia kwa ukarimu. Nikatupa jicho pembeni. Wote wameshakunywa, na wote wamekaa tuli, mashavu yamejaa, macho yamewatoka pima, hakuna anayetema wala anayemeza. Binti mgeni, maskini, alikuwa ameshamaliza nusu kikombe kwa heshima tu.

Nikameza. "Bosi," nikasema, "chai hii ina chumvi."

"Haina," akasema. "Nimeweka sukari. Nimetoa kwenye kopo la sukari."

"Hilo kopo lina chumvi."

"Limeandikwa sukari."

"Nani ameandika?"

"Mimi," akasema. "Nilichapa vibandiko vyote mwenyewe."

"Lini?"

Alivichapa siku tulipohamia jengo lile, navikumbuka, herufi nzuri zilizopangika, SUKARI, MAJANI, KAHAWA. Baadaye sisimizi wakaingia kopo la sukari, sukari ikahamishiwa kwenye kopo la kahawa kwa kuwa lina mfuniko wa kubana, na mtu mmoja anayependa mayai ya kuchemsha akaweka chumvi yake kwenye lile lililobaki wazi. Kila aliyewahi kupika chai ofisini pale alijua. Tuliambizana. Yeye angejuaje, na hajawahi kupika?

Alirudi jikoni. Kwa mlango ulioachwa wazi tulimwona anafungua kopo, anachovya kidole, anaonja. Akafungua la pili akaonja. Akalishika lile la sukari mbele ya uso wake, anasoma kibandiko, anatazama ndani, anasoma tena kibandiko. Halafu akatoka nalo mkononi karibu anakimbia.

"Marejeo tunayoyasoma," akasema, "ni ya toleo gani la lugha?"

Tukafungua macho. Juu kabisa ya kila ukurasa, pembeni, kulikuwa na kijisanduku kidogo cha rangi ya majivu. Nilikuwa nimekipita siku zote hizo kama mtu anavyopita tangazo la msalani. Kimeandikwa: toleo jipya.

"La karibuni kabisa," nikasema.

"Na sisi humu tumefunga toleo gani?"

Swali hilo, jamani, halikuandikwa popote. Tukageuka wote kumtazama fundi wa mitambo, bwana tunayemwita Waya, ambaye hukaa kona ya dirishani na kazi yake ni kuzifunga hizo programu kwenye mashine. Yeye alikuwa ameshamwaga chai yake kwenye chungu cha maua.

"Lile la nyuma yake," Waya akasema. "Hospitali ndilo walilotaka, mitambo yao haipokei jipya. Nilifunga siku ya kwanza."

"Na kwenye la nyuma," Soma Kwanza akauliza polepole, "juma linaanza siku gani?"

"Jumatatu. Waliotunga lugha walibadilisha baadaye."

"Mbona hukusema?"

Waya akatuangalia mmoja mmoja, kweli hajui kosa lake. "Hakuna aliyeniuliza," akasema.

Hakuna aliyecheka. Nilikibonyeza kile kijisanduku, nikachagua toleo la nyuma, na ukurasa uleule, wenye kichwa kilekile na rangi ileile, ukabadilika mbele yangu: siku ya kwanza ya juma ni Jumatatu. Na hapo ndipo midomo ilipofunguka. "Kumbe ndiyo maana saa zangu zinarudi nyuma!" "Kumbe hii amri yangu ilikuwa haijazaliwa bado!" Watu wanasimama, wanaulizana kwa kupiga kelele, mtu anavuta kiti kwenda kwa mwenzake, chumba kimekuwa soko, na katikati yake Soma Kwanza anahama dawati hadi dawati na lile kopo lake, anauliza kila mtu, "Wewe umekwama wapi? Na wewe?" Mkurugenzi alipochungulia na kuuliza kama tuko tayari, tukamwambia kwa sauti moja, "Bado!" Alishtuka akafunga mlango.

Tulimaliza jua likiwa linazama, mfumo wa zamani ukazimwa kwa muda wake. Nikatuma tena kwa mama. Akanipigia. "Sasa wanasema Jumatatu," akalalamika. "Hawa watu hawana msimamo."

Jumatatu nilimpeleka mwenyewe. Akawekwa kwenye kiti chake kile cha kuegemea, mipira ikaunganishwa mkononi, mashine ikaanza kuzunguka. Viti vingine vilikuwa vinajaa. Nilikuwa namfunika shuka miguuni nilipomwona mtu amesimama mlangoni mwa wodi na suruali ya mikunjo. Alikuwa anaitazama orodha kubwa iliyobandikwa ukutani, majina ya wagonjwa wa siku ile na alama mbele ya kila aliyefika. Aliitazama muda mrefu. Kisha akamsogelea muuguzi.

"Samahani, dada," akasema. "Naomba kuuliza. Wagonjwa wa leo wote wamefika?"

Muuguzi alikuwa na mikono miwili na kazi za watu wanne. "Imeandikwa pale ukutani, kaka," akasema bila kugeuka. "Soma."

Niliona masikio yake yanabadilika rangi. Nilidhani ataondoka.

"Nimesoma," akasema. "Nakuuliza wewe."

Muuguzi akageuka akamtazama. Akaweka chini alichoshika, akapitisha macho kiti hadi kiti, taratibu, kuanzia dirishani mpaka kwa mama yangu.

"Wamefika, kaka," akamwambia. "Wote wapo."